Mbona jela yajaa hata wezi wasipozidi?
Uliza watu wa Shanzu mbona jela yao ya Shimo la Tewa, huku Mombasa, imejaa, wengi watakwambia wahalifu wamezidi. Yaweza kuwa kweli ila si lazima, manake idadi ya wafungwa yatokana na mambo mawili, wangapi wanaingia kwa mwaka na kila mmoja anakaa muda gani, na hilo la pili ndo sheria ya adhabu imelishika.

Chukua jela inayoingiza watu 100 kila mwaka, kila mmoja kapigwa miaka 3. Hapa Kenya sheria ya magereza humkatia mfungwa theluthi moja akifanya kazi na kushika adabu, ndo ile rimisheni (wa maisha hapati), kwa hivo atakaa miaka 2 na ndani kutakuwa na watu 200 hivi. Haya, bunge lipitishe kwamba kosa lile ni si chini ya miaka 9. Toa theluthi, ni 6. Wanaoingia ni wale wale 100, hakuna mwizi hata mmoja aliyeongezeka, lakini jela itafika watu 600! Na haifiki mara moja, miaka 2 ya kwanza utahesabu 200 vile vile kwa sababu wa sheria ya zamani wanatoka huku wapya wanaingia, mwaka wa 3 ndo mambo yaanza maana hakuna wa kutoka, na mbunge aliyepigiwa makofi saa hiyo pengine hata kiti kishampotea.

Hiyo "si chini ya" ndo kifungo cha lazima. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iko hivo, kumnajisi mtoto wa miaka 12 mpaka 15 ni miaka 20 kwenda juu, na 2024 Mahakama ya Juu ikasema hakimu asishuke hapo. Kwa kosa lile mimi sina ugomvi na miaka 20, ila nafasi ya kulala nayo itafutwe.

Marekani walipita njia nyengine, 1994 serikali kuu ikayaahidi majimbo pesa za kujenga jela wakihakikisha wahalifu wa mabavu wanatumikia angalau asilimia 85 ya kifungo. Yaani miaka aliyosoma jaji haikuguswa, kilichobanwa ni punguzo.

Na kama una mtu wako ndani, siku za rimandi (zile alizokaa ndani akingoja kesi iishe) hakimu atakiwa azihesabu anapotoa kifungo, ni kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai, zikisahauliwa mwambieni wakili arudi kortini.