Papa wa Réunion: yanayosemwa na yaliyotokea

"Nazi zinazoanguka huua watu wengi kuliko papa." Kila mtu anapoumwa na papa mahali fulani duniani, kauli hii hurudi, tena na idadi yake: watu 150 kwa mwaka. Idadi hiyo haina msingi. Na hata ingekuwa kweli, isingemsaidia mtu wa Réunion, kwa sababu inaichukua hatari ya dunia nzima na kuigawa sawasawa kwa wote, aliyeko Dodoma na aliyelala kifudifudi juu ya ubao akisubiri wimbi.

Réunion ni kisiwa cha Ufaransa mashariki mwa Madagaska, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,500 hivi. Kati ya Juni 2011 na Mei 2019 papa waliua watu 11 katika maji yake. Watafiti waliolinganisha mashambulizi na saa ambazo watu huteleza kwenye mawimbi walikuta kwamba hatari ilifikia shambulio moja kwa kila saa 24,000, na kwamba iliongezeka mara 23 kati ya 2005 na 2016. Saa 24,000 zinasikika nyingi mpaka uzipigie hesabu: vijana mia moja, kila mmoja saa mbili kwa siku, watazimaliza kwa miezi minne. Kumwambia mzazi wa kisiwa hicho habari za nazi ni kumdharau.

Wapo wanaosema papa hakusudii, humfananisha tu mtu na sili, mnyama wa baharini anayewindwa na papa. Lakini Réunion haina makundi ya sili. Wanaotajwa sana huko ni papa wa aina mbili: yule mwenye milia kama ya simbamarara, na Carcharhinus leucas, papa mnene wa mwambaoni ambaye Wafaransa humwita bouledogue na watu wa kusini mwa Afrika humwita papa wa Zambezi, kwa kuwa hupanda mtoni na kuishi hata katika maji baridi yasiyo na chumvi. Huyu wa pili ana macho madogo na hategemei sana kuona. Anahisi mtikisiko wa maji ubavuni mwake, na kwenye pua ana vitundu vinavyonasa umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya kiumbe hai. Kwa hiyo maji ya udongo, ambayo kwetu ni kizuizi, kwake ni maficho. Februari 2017 kijana mmoja aliuawa Saint-André, pwani ya mashariki, katika maji machafu ambako kuingia kulikuwa kumekatazwa. Alikuwa amewahi kufanya kazi katika kikosi cha kulinda watu dhidi ya papa. Bahari ile aliijua kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuijua.

Utafiti huohuo ulionyesha kuwa mashambulizi huzidi majira ya baridi ya huko, na zaidi alasiri. Mtu akikuuliza lini asiingie, hilo ni jibu bora kuliko ile kauli kwamba papa hunusa damu kutoka maili kadhaa. Wengi walioumwa hawakuwa na jeraha lolote kabla.

Je, maji ya kiunoni ni salama? Julai 2013 msichana wa miaka 15 aliuawa katika ghuba ya Saint-Paul akiwa mita chache tu kutoka ufukweni. Februari 2015 mwanamke kijana aliuawa Étang-Salé, naye karibu na nchi kavu. Kinachokinga huko ni mwamba wa matumbawe uliozunguka maji tulivu ya ndani, si ufupi wa maji. Baada ya kifo cha 2013 serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuteleza nje ya maji hayo ya ndani na sehemu zenye ulinzi.

Nyavu nazo ziliwekwa Boucan Canot na Roches Noires, na watu wakazichukulia kama ukuta. Agosti 2016 kijana mmoja alipoteza mkono na mguu Boucan Canot, ndani ya eneo la wavu. Wavu ulikuwa na tundu. Mawimbi ya huko hupasua chochote, ndiyo maana wavu bila wapiga mbizi wa kuukagua kila siku ni matumaini tu. Njia nyingine iliyobuniwa kisiwani humo ni ndoana yenye boya linalotuma ishara mara samaki anaponasa. Wavuvi hukimbilia, na asiye papa wa aina zile mbili huachiwa akiwa hai.

Lawama kubwa, hata hivyo, iliiangukia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa pwani ya magharibi mwaka 2007. Ikaitwa ghala la chakula la papa. Naelewa hasira hiyo, ila ramani haikubaliani nayo kikamilifu: ghuba ya Saint-Paul, Saint-André na Sainte-Rose, ambako baadhi ya watu walikufa, ziko nje ya mipaka yake. Watafiti wamenyooshea kidole pia ongezeko la haraka la watu pwani ya magharibi na athari zake kwa mazingira.

Halafu kuna dhana kwamba mtu aliyeumwa ameshaliwa. Mara nyingi papa huuma na kuachia, na kinachoua ni damu, hasa mshipa mkubwa wa paja ukikatika. Dakika ni chache. Kamba inayofunga ubao mguuni ikikazwa sehemu iliyo juu kidogo ya jeraha inaweza kumfikisha mtu hospitali akiwa hai.

La mwisho ni katazo la 1999 la kuuza nyama ya baadhi ya papa kisiwani. Wengine hudhani lilikuwa la kuwahurumia papa. Lilikuwa la kuwahurumia walaji, kwa sababu ya sumu. Mwishoni mwa 1993 huko Manakara, mashariki mwa Madagaska, watu wapatao 200 walikula nyama ya Carcharhinus leucas mmoja. Makumi yao walikufa: papa huyo mmoja, akiwa sufuriani, aliua watu wengi kuliko papa wote wa Réunion katika miaka ile minane.