Mungu Haonekani Mkeshani Tu

Hizi ni dhana nne potofu kuhusu Mungu, na Biblia inavyozijibu.

Dhana: Tengeneza maisha yako kwanza, ndipo Mungu akutokee.

Yakobo alipolala Betheli alikuwa mtoro. Amemdanganya baba yake asiyeona, amechukua baraka ya Esau, sasa anakimbilia Harani kwa mjomba wake, jiwe ndilo mto wake. Usiku huo ndipo alipoona ile ngazi, na alipoamka akakiri kwamba Bwana yupo mahali pale wala yeye hakujua (Mwanzo 28). Hakugombezwa hata kidogo, alipewa ahadi. Suala la Esau alikuja kulikuta miaka mingi baadaye, tena kwa hofu kubwa.

Dhana: Mungu hunena na watumishi wakubwa.

Hajiri alikuwa mjakazi, Mmisri, mjamzito, ametoroka mateso ya Sarai, mke wa Abramu. Malaika alimkuta kwenye chemchemi ya njia ya Shuri (Mwanzo 16). Ukisoma sura ile polepole utaona Abramu na Sarai hawamtaji kwa jina, kwao ni "mjakazi" tu. Malaika ndiye anayemwita Hajiri. Naye akawa mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina: Mungu anionaye. Sijui kwa nini mimbari zetu humpita mama huyu haraka hivyo.

Dhana: Penye Mungu lazima pawe na moto na kelele.

Moto nabii Eliya aliuona kweli, pale mlima Karmeli. Sura inayofuata, 1 Wafalme 19, yuko chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Kilichomjia kwanza ni usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha akalala tena, akaamshwa ale tena. Huko mlima Horebu Bwana hakuwamo katika upepo, tetemeko wala moto. Ikafuata sauti ndogo ya utulivu. Mtu aliyechoka namna ile tukimwongezea siku za kufunga, tunamwonea.

Dhana: Kama yuko popote, kanisa la nini?

Wale wanafunzi wawili waliokwenda Emau baada ya Yesu kufufuka walikuwa wakiiacha Yerusalemu na wenzao. Yesu aliwafuata njiani, wakamtambua mezani alipoumega mkate. Saa ile ile, na jua limeshakuchwa, waliondoka kurudi Yerusalemu kwa wale mitume kumi na mmoja (Luka 24). Kukutana naye njiani ndiko kulikowarudisha kwa wenzao.