Robo mzunguko si kipimo

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea uwindaji wa kitalii alinijia karakana Njiro, ganda tupu la risasi ya .308 mkononi. Alirudi nalo kutoka mafunzoni Namibia. Baada ya shikamoo akauliza habari ya kulibana ganda lililopigwa kwa dai, kalibu ya chuma inayofungwa kwenye presi, ili lijazwe tena: "Mzee, si unashusha dai mpaka iguse kishikio cha ganda, unaongeza robo mzunguko, basi?" Ni wa tatu mwezi huu, na wote wanazungumzia bunduki za nusu otomatiki, zinazojipakia zenyewe kila baada ya mlio. Nimechoka kueleza kwa mdomo.

Tuanze na sheria. Sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni, kwa hiyo usisome haya ukaenda kufunga presi jikoni. Kazi hii niliifanya Afrika Kusini. Hapa Arusha naikuta kwenye masanduku ya wageni wa uwindaji wanaojaza risasi zao wenyewe, na kwa vijana wetu wanaokwenda kujifunza nje.

Sasa hiyo robo. Uzi wa dai za kawaida una mizunguko 14 kwa inchi, yaani kila mzunguko unaishusha dai milimita 1.8. Robo yake ni karibu 0.45. Bega la ganda la nusu otomatiki (bega ni pale ganda linapopungua kuelekea shingo) tunataka lirudi nyuma milimita 0.08 hadi 0.13 tu, la bunduki ya bolti ya mkono, unayoifunga mwenyewe, hata chini ya hapo. Najua presi hupinda kidogo ikikaza, na sehemu ya hiyo robo inaishia kwenye chuma badala ya ganda. Sehemu kiasi gani? Inategemea presi yako, mafuta uliyopaka na ugumu wa shaba. Vitu vitatu hujavipima hata kimoja, halafu unaniambia dai imekaa sawa!

Wengine hukimbilia upande wa pili. Wanaishusha dai nusu nusu ili "ganda lisichoke", na hapo ndipo panaponikera zaidi. Dai hubana ubavu wa ganda kabla haijagusa bega. Shaba iliyobanwa ubavuni haina pa kwenda ila juu, kwa hiyo bega linasogea mbele. Lipime ganda kabla, libane nusu, lipime tena: limekuwa refu kuliko lilivyotoka kwenye chemba, tundu la mtutu risasi inamokaa. Ulidhani unalihurumia, kumbe umelirefusha.

Kwenye bolti ya mkono, ganda refu linagoma na kiganja chako kinalisikia. Nusu otomatiki haina kiganja, ina springi. Bolti, chuma kinachofunga chemba, inakuja mbio, ganda linakwama, meno ya kuifunga bolti hayajashika vizuri. Bunduki za Garand na AR-15 hazina springi ya kuirudisha nyuma pini ya kupigia. Inaelea, na bolti ikifunga inaigusa fataki, kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Ingiza risasi kwenye AR-15, itoe bila kuipiga, utaona kidoti kwenye fataki. FAL ina springi ya kuizuia. Fataki laini, au iliyochomoza kitakoni, inaweza kulipuka kabla meno hayajashika, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

"Basi nitapima ganda lililopigwa, bunduki ndiyo kipimo." Hapana. Nusu otomatiki huanza kulivuta ganda wakati bado lina mgandamizo ndani, na linaweza kutoka likiwa refu kuliko chemba lilimokuwa. Ukilifuata hilo, unafuata kosa. Mimi huanzia kwenye chemba yenyewe: navua springi ya bolti, kucha inayovuta ganda na kitoleo kinacholirusha nje, naingiza ganda tupu kwa mkono, nashusha dai kidogo kidogo mpaka bolti ijifunge kwa uzito wake. Hapo naandika kipimo, kisha narudisha bega zile 0.08 kutoka hapo.

Kusafisha, kukata shingo ikirefuka, fataki ikae chini kidogo ya uso wa kitako: hayo yameandikwa kila mahali, yafuate.

Upande wa robo una hatari yake. Bega likirudi mno, kila mlio unalivuta ganda upya, na linakonda juu kidogo ya kitako. Nina ganda nililolipasua kwa msumeno wa chuma: ndani lina mfereji mwembamba umelizunguka, na ukuta hapo umebaki kama karatasi. Mlio mmoja zaidi lingekatika vipande viwili. Kwa nje lilikuwa linang'aa, halina mkwaruzo.

Yako mambo ambayo sina uhakika nayo. Zile dai zinazobana zaidi karibu na kitako, zamani nilisema kila nusu otomatiki inazihitaji. Sasa naona nyingi hazihitaji, na labda kesho nitabadilika tena. Na ganda lijazwe mara ngapi? Mimi hutupa baada ya mara nne au tano, lakini hiyo ni namba ya woga wangu. Sijaipima.

Kwa hiyo simwamini mtu anayehesabu, naamini waya. Chukua waya mwembamba, kunja ncha, uingize ndani ya ganda, ukwaruze ukuta taratibu ukipanda kutoka kitakoni. Penye mfereji ncha inadumbukia, unaisikia kidoleni.

Kijana nilimpa waya, nikamwambia aanze na ganda lake. Akakwaruza, akasimama, akarudia palepale.

"Limejazwa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara mbili, mzee."