Kitenzi “methinks”: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wasomaji wengi wa tamthilia za zamani za Kiingereza huamini kwamba “methinks” ni “I think” iliyotamkwa na mtu asiyejua sarufi, aliyeweka “me” mahali pa “I”. Sivyo hata kidogo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana sauti: “þencan”, yaani kufikiri, na “þyncan”, yaani kuonekana au kuelekea kuwa, ambapo herufi ya kwanza husomwa kama “th”. “Methinks” imetokana na hicho cha pili. Kiima chake ni jambo linalozungumziwa, ndiyo maana kitenzi huishia kwa “s” ya nafsi ya tatu, na “me” ni yambwa tendewa: jambo fulani laonekana hivi kwangu. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ugeni hapa, kwa kuwa tunaposema “yanipasa kwenda” au “inanibidi nikae”, hakuna anayedai kwamba “-ni-” imekosea nafasi yake. Wajerumani wangali wanatenganisha “denken” na “dünken”, japo hiki cha pili sasa kina ladha ya kikale. Katika Kiingereza matamshi ya vitenzi hivyo viwili yaligongana, kikabaki “think” kimoja, na ile maana ya kuonekana ikahifadhiwa ndani ya “methinks” na umbo lake la wakati uliopita, “methought”.

Wapo pia wanaosema kwamba neno hili lilibuniwa na Shakespeare, mwandishi mashuhuri wa tamthilia za Kiingereza. Lakini Mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza, aliyefariki mwaka 899, alikwisha kuandika “me ðyncð betre” (“ð” nayo husomwa “th”), yaani “yaonekana kwangu ni bora”, alipokuwa akipendekeza vitabu muhimu vitafsiriwe kwa lugha ambayo watu wake wote waliielewa. Hicho ndicho Kiingereza cha Kale hasa. Lugha ya Shakespeare, iliyokuja karne saba baadaye, wataalamu huiita Kiingereza cha Kisasa cha Awali.

Dhana iliyoenea kuliko zote inahusu sentensi moja ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ambayo watu huinukuu wakianza na “methinks”. Katika tamthilia neno hilo huja mwishoni: “The lady doth protest too much, methinks.” Msemaji ni Malkia Gertrude, anayetazama mchezo ndani ya mchezo, ambamo malkia wa jukwaani anaapa kwamba mumewe akifa hataolewa tena kamwe. Wakati huo “protest” ilikuwa na maana ya kuapa au kutamka jambo kwa msisitizo, wala haikuwa kupinga. Kwa hiyo Gertrude anasema kwamba, kwa anavyoona yeye, mwanamke huyo anatoa viapo kupita kiasi, ilhali leo sentensi hiyo hutumiwa kumshuku mtu anayekana tuhuma kwa nguvu mno, maana ambayo haimo katika onyesho lile.