Laptopu ya Linux ikiibwa, diski ilikuwa imefungwa?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wahadhiri na wanafunzi kadhaa hapa chuoni wamehamia Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, na wengi wanatuambia wamechoka kuchunguliwa. Kitengo chetu cha kompyuta hakina pingamizi. Shida huanza mtu anapotujia na nambari ya OB (ya ripoti ya polisi) mkononi, laptopu imeibwa kwenye matatu, nasi tunamwuliza kama diski ilikuwa imesimbwa, yaani faili zake hazisomeki bila nenosiri. Jibu tunalopewa: "Lakini ni Linux."

Matoleo ya Linux kama Ubuntu, Debian na Fedora hukupa nafasi ya kusimba diski wakati wa kusakinisha. Usipoichagua mwenyewe, diski inabaki wazi, hata uwe na paswadi ndefu kiasi gani ya kuingilia. Mhadhiri mmoja alinibishia hapo. Nikachomeka flashi yenye Ubuntu kwenye laptopu yake, nikaiwasha kupitia flashi hiyo, nikafungua diski. Chai yake haijapoa, tayari tulikuwa tunasoma alama za mtihani na nambari za vitambulisho vya wanafunzi wake. Paswadi hatukuulizwa popote.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lsblk -f. Ukiona crypto_LUKS (LUKS ni njia ya Linux ya kusimba diski) kwenye sehemu inayobeba faili zako, uko sawa. Usipoiona, nakili faili kwenye diski ya nje, kisha sakinisha upya ukichagua kusimba. Nenosiri la LUKS ukilisahau, sisi hatuna ufunguo wa akiba, tafadhali usitulaumu.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mdhibiti wa data (hapa ni chuo) ajue kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenye data hiyo. Ni saa 72, si siku tatu za kazi. Ikiwa data ilikuwa kwa mchakataji aliyepewa kazi na chuo, yeye ana saa 48 za kutuarifu sisi. Wenye data nao huandikiwa, isipokuwa kulikuwa na kinga inayofaa, na sheria yenyewe inataja usimbaji. Kwa maneno mengine, kuchagua kusimba siku ya kusakinisha kunaweza kutuepusha na barua kwa darasa zima. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo. Makosa ya jinai yasiyotajiwa adhabu mahususi yana faini ya hadi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Kuhusu simu, wanaotaka Pixel yenye GrapheneOS (toleo la Android linalokazia faragha) waichukue, ila wajue baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka humo. Na anayerusha orodha ya darasa kwenye kundi la WhatsApp asitufundishe faragha.

Ukiibiwa, tupigie siku hiyo hiyo, hata kabla ya kwenda polisi. Tutakuuliza laptopu ni ya aina gani, uliiona mara ya mwisho saa ngapi, ilibeba data za akina nani, na ulipoandika lsblk -f uliona nini.