Kuhakiki kamera ya darubini ya anga: maana yake

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mnunuzi mzoefu haanzi na dagaa. Kwanza anaweka juu ya mizani jiwe la kilo analolijua, kisha anatazama mshale umesimama wapi. Ukizidi au ukipungua, kosa si la jiwe.

Kuhakiki kamera ya darubini ni kazi hiyohiyo: kuiuliza swali ambalo jibu lake unalo tayari. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Hakuna fundi wa kuipelekea jiwe, hivyo jiwe lake lazima liwe angani.

Lililochaguliwa ni kipande kidogo cha Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 160,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Nyota zimesongamana humo, na kwa umbali huo mwendo wake hauonekani kirahisi. Nyota uliyoipima leo utaikuta karibu palepale mwakani. Tena Hubble, darubini ya anga iliyotangulia, ilikwisha kuzipima.

Hapa ndipo panaponivutia zaidi. NIRCam, mojawapo ya kamera za Webb, hunasa infraredi, miale ambayo jicho halioni. Ina vihisi 10, yaani vipande vinavyopokea mwanga, na kila kimoja kina pikseli (vijinukta vinavyounda picha) zaidi ya milioni 4, na pikseli hizo hazihisi sawasawa. Vioo navyo huipinda picha kidogo, kama wavu uliovutwa upande mmoja. Kwa hiyo wataalamu hupiga picha, huisogeza darubini kidogo tu, hupiga tena. Nyota ileile sasa imeangukia pikseli nyingine. Ikionekana imefifia au imehama, nyota haijafanya lolote. Kamera ndiyo inayosema vingine. Tofauti hizo huandikwa, na kila picha ya baadaye husahihishwa kwazo. Bila hivyo, unachokiita galaksi ya mbali kinaweza kuwa doa la kihisi.

Wingu lenyewe huku kwetu tunaliona kwa macho. Mwishoni mwa Januari, usiku usio na mwezi, ule wanaoutaka wavuvi wa dagaa, kaa Ukerewe mbali na taa. Saa nne usiku tazama kusini, robo ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona weupe hafifu kama moshi wa jikoni, ila upepo wa ziwa ukivuma, wenyewe hausogei.