Kutafuta hisi kwa kinywa: mtoto mwenye usonji anapotafuna kila kitu

Kutafuta hisi kwa kinywa ni tabia ya mtoto kupeleka vitu mdomoni, kuvitafuna, kuvinyonya au kuviramba bila kuwa na njaa, kwa kuwa mwili wake unaihitaji hisi anayoipata humo. Watoto wachanga wote hufanya hivyo. Mpaka kwenye umri wa miaka miwili hivi, mtoto huijua dunia kwa mdomo: njuga, pindo la khanga ya mama, kidole cha dada yake, vyote huonjwa. Mikono ikishapata ustadi na maneno yakianza kuja, wengi huacha wenyewe. Baadhi ya watoto wenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, hawaachi, na wengine huzidi kadiri wanavyokua.

Mtazame mtoto wa darasa la pili mwenye hali hiyo ifikapo saa nne asubuhi. Kola ya shati imelowa mpaka kifuani, nyuzi zimeanza kuchomoka, na ngozi ya kidevu imekuwa nyekundu kwa mate. Penseli haina tena kifutio, na kile kibati kilichokishika kimebanwa bapa kwa meno. Mwalimu akisema "toa mdomoni", anatoa. Dakika haijaisha, kola imerudi palepale. Asiyeijua hali hii huona utovu wa adabu, na mateso mengi ya watoto hawa huanzia hapo.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu. Wataalamu wa utengamao, yaani wanaomsaidia mtu kupata au kurudisha uwezo wa mwili, huongeza mingine, ukiwamo ule ulio ndani ya misuli na maungio, unaoujulisha ubongo kila kiungo kiko wapi na kinatumia nguvu kiasi gani. Misuli ya taya ina nguvu sana, kwa hiyo kung'ata kitu kigumu huupa ubongo taarifa nzito kwa mara moja. Hata mtu mzima asiye na usonji hutafuna kalamu kwenye chumba cha mtihani, au jojo akiwa safarini usiku ili asisinzie. Mtoto mwenye usonji anafanya jambo hilohilo, ila haja yake ni kubwa zaidi na hajui njia nyingine ya kuitimiza.

Aliyeanza kulieleza jambo hili kwa upana ni A. Jean Ayres, Mmarekani mtaalamu wa tiba kwa vitendo (tiba ya kumwezesha mtu kuzimudu shughuli za kila siku), kuanzia miaka ya 1960. Tiba zilizotokana na nadharia yake bado zina ubishi, na mzazi akiahidiwa kwamba mazoezi fulani ya hisi "yatamaliza usonji" anayo haki ya kunyanyuka na kuondoka. Hali yenyewe, hata hivyo, inakubalika. Mwaka 2013 mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaojulikana kama DSM-5, uliingiza kuzidi au kupungua kwa mwitikio wa hisi miongoni mwa dalili za usonji.

Haja hii huja kwa sura mbili zinazochanganya watu. Kuna mtoto ambaye hisi za kinywa chake ni hafifu: anajaza chakula mashavuni, hajui kama ana mate kidevuni, anapenda chachu, pilipili na vitu vinavyotoa sauti akitafuna. Huyu anatafuna ili aamke. Na kuna yule anayetafuna ili atulie. Mvua ikianza kupiga bati la darasa, au wageni wakijaa sebuleni wote wakiongea kwa pamoja, ndipo vidole vinapoingia mdomoni. Mtoto mmoja anaweza kuwa na sura zote mbili kwa siku moja, kwa hiyo kabla ya kumpa chochote ni vizuri kumwangalia kwa wiki moja au mbili na kuandika kwenye daftari: alitafuna nini, saa ngapi, wapi, na nini kilitokea kabla. Mara nyingi daftari huonyesha jambo ambalo hakuna aliyelishuku, kwa mfano kwamba kola hulowa zaidi kabla ya mapumziko, mtoto akiwa hajala tangu alfajiri.

Kama tabia imeanza ghafla, au imezidi ndani ya siku chache, usiiite ya hisi mpaka afya ichunguzwe. Jino lililooza, jino jipya linaloota, sikio lenye usaha, kiungulia, vyote humfanya mtoto ang'ate vitu. Asiyeweza kusema "naumwa" atakuonyesha kwa anachokijua.

Sasa kuhusu kumzuia. Pwani na bara kuna desturi ya kupaka shubiri kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya, na wapo wanaoihamishia kwenye vidole vya mtoto anayetafuna, au wanaopaka pilipili. Ni ukatili, na mara nyingi haufanyi kazi: mwenye hisi hafifu huipenda pilipili na kurudi kwa kasi zaidi, na yule aliyekuwa anatafuta utulivu anabaki na hofu ileile bila njia ya kuituliza, kisha anahamia kwenye kung'ata mkono wake au wa mwenzake. Kofi nalo huishia hukohuko. Ukiondoa kitu mdomoni, weka kingine kinachofanana nacho badala yake.

Kufanana ndiko kwenye kazi. Anayeng'ata penseli anataka ugumu, kwa hiyo kitambaa laini hakitamsaidia. Mpe karoti mbichi, embe bichi, mahindi ya kuchoma, kipande cha mkate uliokaushwa, au muwa uliomenywa na kukatwa vipande virefu ikiwa anajua kutema makapi. Anayenyonya nguo huenda akaridhika na kunyonya kwa mrija: maji ya ukwaju yaliyopoa, au mtindi mzito unaomlazimu kuvuta kwa nguvu, ambao mara nyingi hutuliza kuliko maji matupu. Kupuliza filimbi na mapovu ya sabuni pia huifanyisha kazi midomo na pumzi. Mtoto mkubwa anaweza kutumia mswaki wa mti kama babu zake, mradi ncha zilizovunjika zikatwe na mtu mzima awepo. Karanga nzima, pipi ngumu na mbegu za ubuyu ziwe mbali na mtoto mdogo na yeyote anayemeza bila kutafuna, maana hukaba. Na umpe kabla haja haijafika kilele: kabla ya mstari wa asubuhi, kabla ya kupanda daladala, kabla ya sherehe ya ukoo. Ukisubiri kola ilowe umeshachelewa.

Yote hayo ni ya mtoto anayetafuna. Anayemeza yuko kwenye habari nyingine, na hapa naomba mzazi asome polepole. Kula vitu visivyo chakula kwa mwezi mmoja au zaidi, katika umri ambao mtoto angepaswa kuwa ameacha, ni tatizo lenye jina lake la kitabibu, paika, na lahitaji hospitali. Kwetu hupita bila kuonekana kwa sababu kula udongo si kioja: vipande vyake vinauzwa sokoni na kinamama wajawazito huvinunua mbele ya watoto. Lakini utafiti wa miaka ya 1990 kwa watoto wa shule magharibi mwa Kenya ulikuta kula udongo kunaendana na upungufu wa damu na wa madini ya chuma. Basi kwa mtoto anayemeza udongo, chaki, nywele au karatasi, omba apimwe wingi wa damu, madini ya chuma na choo kwa ajili ya minyoo. Upungufu ukitibiwa, wengine hamu hupungua. Wasiopungukiwa huhitaji mtaalamu wa tabia atakayetafuta kinachoisukuma, na wakati huo nyumba ifagiwe kila siku na kabati zifungwe.

Hatari nyingine ni madini ya risasi, yaliyomo kwenye baadhi ya rangi za zamani za kuta na milango na kwenye betri za magari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi ubongo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hili kwa uchungu: kiwanda cha kuyeyusha betri kilipofanya kazi karibu nao, risasi iliingia katika udongo na katika damu ya watoto. Mtoto anayeramba kuta au kula udongo karibu na gereji apimwe risasi pale kipimo kinapopatikana. Zile betri ndogo za duara za rimoti na vitu vya kuchezea ni jambo la dharura kabisa. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya muda wa saa 2. Usimtapishe, usisubiri kuona kama atatoa chooni. Mkimbize hospitali na useme wazi kwamba amemeza betri.

Kuna pia vifaa vya kutafuna vya silikoni vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa. Vingi huja kama mkufu, na Desemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba mikufu na bangili za aina hiyo zinaweza kumkaba mtoto, au shanga zikakatika zikamezwa. Mimi ningechagua kipande kimoja kizima kisicho na shanga, kikabanwa kwenye shati kwa kamba fupi isiyoweza kuzunguka shingo, na mtoto asilale nacho. Kioshwe kwa sabuni kila jioni na kukunjwa mwangani ili kukaguliwa. Alama za meno hazina neno, lakini ufa ukionekana kitupwe hata kama kimenunuliwa juzi. Vifaa viwe viwili, kimoja cha nyumbani na kimoja cha begi la shule, na mwalimu pamoja na dada wa nyumbani waelezwe ni cha nini, wasije wakakinyang'anya wakidhani wanafundisha adabu.